Sinza kwa Remmy, na kanda ya mjomba

Najua nimepotea sana humu, wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha bwana. Nilikuwa nyumbani Mafia likizo, nimerudi kampasi juzi. Boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, pale gari hadi Mbagala, na mwili mpaka leo unaona kitanda cha hosteli kinayumba. Boom halijatoka, kwa hiyo usiku huu ni chai ya rangi na kuandika.

Niliahidi hapa kwamba nitaandika historia ya mji wa Kua, yale magofu ya Juani. Itakuja. Leo nina jambo lingine, limenikaa kooni tangu likizo.

Nianze na konda. Mwaka wa kwanza nilipokuja Dar, daladala ya Sinza nilikuwa nasikia tu konda anapiga kelele, "Remmy! Remmy kuna mtu?" Mimi mtoto wa kisiwani nikajua ni jina la baa au duka la dawa. Mwaka mzima nimeshuka kituo hicho kwenda kwa mshkaji wangu kuosha macho na kula ugali wa bure, sijauliza Remmy ni nini. Kumbe ni mtu! Alikuwa anakaa pale, watu wakawa wanasema "nishushe kwa Remmy", kituo kikabaki na jina lake, mwenyewe kashazikwa. Vituo vingi vina majina ya watu, lakini wengi ni wanasiasa au wenye maduka. Huyu alikuwa mpiga gitaa, tena aliyezaliwa Kongo, aliyejiita mwenyewe "sura mbaya" kabla hujamwahi wewe.

Sasa likizo. Bibi yangu mzaa mama anakaa Baleni. Siku moja ananiambia, "Mume wangu, nitolee lile sanduku uvunguni, panya wameniingilia." (Bibi zetu wa pwani mnawajua, mjukuu wa kiume ni mume.) Sanduku la bati, lilikuwa la mjomba. Mjomba sikumkuta, alifariki 1996, mimi sijawa hata wazo. Alikuwa baharia wa jahazi, wanapeleka nazi Dar na kurudi na unga, sukari, mabati. Ndani ya sanduku kulikuwa na shati moja la mikono mirefu, cheti cha darasa la saba, na kanda za kaseti kumi na moja. Tisa ni za kawaida, taarabu, Sikinde, Msondo. Mbili zimeandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mtu anayeharakisha: REMI. Na moja chini yake: SOKSI.

Bibi akaiona mkononi mwangu. Akasema, "Hiyo usipige mbele ya watoto." Basi. Akaendelea kuchambua mchele.

Wanafunzi wa historia mnajua, ukiambiwa usifungue kabati, ndiyo umeonyeshwa utafiti uanzie wapi.

Jina lake kamili Ramazani Mtoro Ongala. Kazaliwa 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, enzi za Mbelgiji. Hadithi ya kuzaliwa kwake yeye mwenyewe alipenda kuisimulia: mama yake alishapoteza watoto kabla yake, mganga akamwambia huyu usimzalie hospitali, na nywele zake zisikatwe. Mtoto akatoka na meno mawili ya mbele tayari kinywani. Kwa watu wa kwao hiyo ni dalili ya mganga. Ndiyo maana baadaye mnamsikia akiitwa Dokta Remmy, udokta wake haukutoka chuo chochote. Na zile rasta alizokuwa nazo jukwaani, ambazo sisi tungesema ni Bob Marley tu, zilikuwa na mizizi mirefu kuliko Jamaika.

Hapa kwenye Kindu naomba nisimame kidogo, maana kila anayeandika habari zake anasema "Mkongo" halafu anapita. Kiswahili kilifikaje Kindu? Kilitembea kwa miguu. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, ya akina Tippu Tip waliofanya ngome yao Kasongo, ndiyo iliyopeleka lugha hii Maniema. Walitoka huku kwetu, Unguja na mrima. Sasa mtoto wa Kindu anakuja Dar mwaka 1978 na anaimba Kiswahili, watu wanashangaa Mkongo kajulia wapi maneno. Alirudi na kitu kilichotoka huku. Njia ni ile ile, ila safari hii aliyepita hakufungwa mnyororo, alibeba gitaa.

Baba yake alikuwa mtu wa muziki pia, akafa Remmy akiwa mdogo. Mama naye akafuata katika ujana wake. Shule ikaishia hapo. Alianza na ngoma, akapiga kwenye bendi za vijana na za mahotelini Kongo, akajifunza gitaa, akaingia Uganda. Miaka mingi hiyo, lakini ni ile ya kupiga nyimbo za watu wengine ili upate chakula cha usiku, nisiwachoshe. Aliyemleta Dar ni Mzee Makassy, mjomba wake, mwenye Orchestra Makassy. Mjomba tena, mnaona. Wimbo wake wa kwanza uliojulikana na bendi ile ni Siku ya Kufa, aliutunga baada ya kufiwa na rafiki. Wenzake walikuwa wanaimba mapenzi, yeye kaingia mjini na kifo. Kifo hakikumtoka mdomoni mpaka mwisho.

Ilikuwa kipindi kigumu kuingia mjini. Mwishoni mwa 1978 vita ya Kagera, baada ya vita hakuna sabuni, hakuna sukari, nyuzi za gitaa utazitoa wapi? Na mpaka na Kenya ulishafungwa tangu 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Hili la mpaka ni muhimu kwa muziki. Sisi hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, santuri zilikuwa zinatengenezwa Nairobi. Mpaka ukifungwa, bendi ya Dar inabaki na mlango mmoja: Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD wanakurekodi, wanakaa na utepe wao, wanakupiga hewani bure. Ukitaka kusikika Mafia au Songea, ni RTD au hakuna. Redio binafsi mpaka miaka ya 90. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Makassy alipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 80, Remmy hakwenda kukaa. Akajiunga na Matimila, ambayo baadaye ikaitwa Super Matimila. Wakati ule bendi kubwa zilikuwa na baba. Juwata ni ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ni ya vijana wa chama, Mlimani Park ni ya DDC, shirika la jiji. Mwanamuziki ana mshahara, lakini pia ana bosi. Matimila ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja, na Matimila ni jina la kijiji cha kusini. Bosi wa namna hiyo anataka hela ya mlangoni, hana haja ya kujua umeimba nini. Mimi nadhani hili limesaidia sana Remmy kuwa Remmy, ingawa sijaona mtu akiliandika hivyo. Mhadhiri mmoja nilipomwambia alisema ni "dhana". Sawa, dhana. Andika basi wewe.

Maana aliimba nini? Aliimba mnyonge. Mtu asiye na nauli, mtu aliyelala njaa, mtu anayetoa rushwa kupata haki yake. Nyimbo ndefu, kwanza anaongea kama mtu yuko kijiweni, anauliza maswali, anajibu mwenyewe, halafu magitaa yanashika yale ya kichezo, na unajikuta unacheza huku unasemwa. Aliuita muziki wake ubongo. Wengine walikuwa na mitindo yao, sikinde, msondo, kamanyola, majina ya kiuno na mabega. Yeye akachagua kichwa. Na hakuwa mtu wa kununa jukwaani, hapana. Alikuwa mchekeshaji, anajitania ubaya wake wa sura, anarukaruka, ukumbi hoi. Baba yangu aliwahi kumwona mara moja Dar na anachokumbuka ni kicheko, wimbo hata mmoja hawezi kukutajia. Nikimuuliza anasema "alituchekesha mpaka tukasahau tumekaa chini".

Sasa kaseti ndiyo ikamtoa. Mgeni mmoja Mwingereza aliyekuwa rafiki yake aliondoka na kanda ya Matimila, ikafika kwa watu wa WOMAD, lile tamasha alilolianzisha Peter Gabriel na wenzake. 1988 wakaitwa. Fikiria, bendi iliyokuwa inapiga Mwananyamala na Temeke kwa vyombo vya kuunga unga, leo iko Ulaya na jukwaa kubwa. 1989 wakarekodi Songs for the Poor Man kwa lebo ya Real World, ikawa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za lebo ile. 1992 ikaja Mambo, na humo aliimba baadhi kwa Kiingereza. Nimezisikiliza zote mbili hosteli kwa simu ya rafumeti wangu. Sauti safi kama maji ya chupa. Kwa masikio yangu ile ya 1992 imepungua kitu, Kiingereza kilimvalisha viatu vya kubana. Lakini wazungu walimpenda, mpaka leo kuna watu huko wanakusanya santuri zake kama watu wanavyokusanya stempu, na hapa kwetu darasa la watu mia mbili niliuliza nani anamjua, mikono ikanyooka kama sita. Wote wanajua kituo.

Tuje kwenye soksi.

UKIMWI uligunduliwa nchini 1983, Kagera. Huko mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa na soko wakati ule. Baadaye vijana wa mjini wakacheza na herufi za Kiingereza, AIDS ikawa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Tulikuwa tunacheka na kuzika. Serikali ilishakuwa na mpango wake wa kudhibiti, mabango yapo, lakini mabango yale yalikuwa ya kutisha tu, fuvu na mifupa. Mtu anaambiwa aogope, hajaambiwa afanye nini.

Mwaka 1990 Remmy akatoa Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu, kila mtu alielewa, na neno lenyewe hakulihitaji. Ndiyo ufundi wa Kiswahili, mambo ya chumbani yanapita sebuleni yakiwa yamevaa kanzu. Watoto wanasikia habari za soksi, wazazi wanasikia nyingine. RTD wakakataa kuupiga.

Nataka niwe mkweli hapa, mimi nilipoanza kusoma habari hizi nilikuwa na hasira za moja kwa moja: wajinga hawa. Nimeendelea kufikiri. Redio ilikuwa moja, inaingia kila nyumba, mzee wa Baleni anasikiliza na wakwe zake mkekani. Mtu wa RTD anayeamua kuupiga wimbo ule anajua kesho barua zitajaa mezani, masheikh na maaskofu kwa mara moja watakuwa upande mmoja. Hilo naliona. Lakini pia naona hivi: wimbo wa kusifia mazao unapigwa asubuhi, mchana na jioni, wimbo wa mtu anayemwambia baharia ajikinge unawekwa kabatini, na mlango ni ule ule mmoja niliosema pale juu. Ukiwa na mlango mmoja halafu ukaufunga, huwezi kusema "hatukumzuia mtu". Hasira zangu zimepungua ila hazijaisha.

Wimbo ulisambaa hivyo hivyo. Kumbini, kwenye baa, kwenye mabasi ya mikoani, na zaidi kwa kanda za kurudufu, kanda inanakili kanda, mpaka sauti inakuwa kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Vibanda vya kurekodi Kariakoo vilifanya kazi ambayo redio ya taifa iliikataa, na Remmy hakupata hata senti kwenye kazi hiyo. Kanda moja kati ya hizo ikapanda jahazi la nazi ikaja Mafia.

Nilikwenda nayo kwa fundi redio Kilindoni, karibu na soko. Ana redio kaseti moja nzima, mkanda wa ndani kaufunga kwa mpira wa ndala. Utepe ulikuwa umelegea, tukauzungusha kwa kalamu ya Bic kama wazee walivyofanya. Ukapiga. Sauti inapanda na kushuka, lakini yupo, anaongea, anacheka. Fundi, mtu mzima wa makamo, alisimama kazi yake na akaniambia kitu: "Hii tulikuwa tunaipiga baharini. Nchi kavu hatuthubutu." Kumbe na yeye alikuwa baharia. Kumbe alimjua mjomba.

Sikumuuliza zaidi. Ningeuliza nini? Nyumbani kwetu mjomba alikufa kwa kifua. Ndivyo tunavyosema, kifua, na mtu akitaka kuongeza atasema alikonda sana, na mwingine atasema alitupiwa jini Dar na mwanamke. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Jahazi lao walikuwa mabaharia saba, fundi alinihesabia kwa vidole waliobaki, wawili.

Nilirudi kwa bibi jioni. Nikakaa jikoni, nikamwambia nimeisikiliza. Nilitegemea matusi. Akaniuliza, "Inapiga bado?" Nikasema inapiga. Akakaa kimya akikuna nazi. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Wimbo alituletea. Soksi zenyewe hapa ziliuzwa duka gani?"

Wadau, mimi nimeandika insha ya kurasa kumi na mbili juu ya vyombo vya habari na jamii, nimepata B pamoja na swali hilo halimo. Nililaumu redio kurasa nzima. Mjomba wimbo aliupata, tena aliununua kwa hela yake, aliubeba ndani ya plastiki usilowe. Alijua kinachosemwa kuliko watu wote wa Baleni. Kisha duka liko wapi? Zahanati ngapi, siku ngapi kwa wiki, na nani anakwenda dirishani kuomba kitu hicho kwa muuguzi ambaye ni shangazi yake? Remmy alifanya kazi ya mwanamuziki. Iliyobaki haikuwa kazi ya gitaa.

Nimalizie habari zake, maana kuna sehemu ya mwisho ambayo mashabiki wake wengi hawaipendi. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni aliugua, kiharusi na kisukari, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Na akaokoka. Ramazani Mtoro, mganga wa meno mawili, bingwa wa soksi, akaacha dansi na kuimba injili. Nimesoma watu wakilalamika kama vile wameibiwa. Eti kajikana. Mimi siwaelewi. Mtu aliyeingia mjini na Siku ya Kufa, akaimba kifo miaka ishirini kama mtu anayegombana na jirani, akiugua mnataka aimbe nini? Alikuwa ameshaongea na kifo kwa kejeli, sasa akaongea nacho kwa sala. Sauti imechoka kwenye nyimbo zile za mwisho, hilo ni kweli, na kinanda kile cha studio za injili mimi kinanichosha masikio. Lakini ni yeye yule.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mimi nilikuwa shule ya msingi, sikumbuki kusikia hata tangazo.

Nilitaka kuja na kanda ile kampasi, nimtafutie mtu wa kuiingiza kwenye kompyuta. Bibi akakataa. Akasema ichukuliwe baadaye, kwanza amletee fundi redio ile pale nyumbani, hata kwa kukodi siku moja. Nikamwendea fundi, akakubali bila hela. Tukaiweka ukumbini, watoto wakatolewa nje kama alivyoamuru mwenyewe, mlango ukarudishwa. Upande wa kwanza ulipoisha nilidhani ametosheka, nikanyoosha mkono kuzima.

"Igeuze," akasema.

Upande wa pili mwanzoni ni Remmy, nusu wimbo. Halafu unakatika, kuna kelele, upepo, tanga linapiga, na sauti za wanaume wanacheka wakigombania nani kabonyeza kitufe chekundu. Kama sekunde kumi hivi. Mmoja anasema, "Acha bwana, unafuta." Bibi akainua kidole akanionyesha redio.

Baada ya hapo Remmy anaendelea.